Meno ya Nyumba ya Isolda

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni mwaka 1341, mvua ilinyesha Uingereza kiangazi kizima, hata shayiri ikaota ukungu shambani. Mwaka huo Isolda alirithi nyumba ya baba yake huko Thrapwell, naye Fulk, binamu yake, akaapa kumtoa humo kwa nguvu.

Enzi hizo hakuna aliyeruhusiwa kuujengea ukuta wake meno, yale matuta ya juu yenye mapengo, wanamojificha wapiga mishale, pasipo kibali cha mfalme. Hamo, mumewe Isolda, akauza ng'ombe wanane wa mkewe, akaenda kupiga magoti barazani hadi kibali kikatoka, kina lakiri ya kijani kubwa kama andazi.

“Sasa jenga,” akamwambia fundi Wymark.

“Nijenge kwa mawe gani, bwana? Bei ya mawe umeiacha kwa makarani.”

Basi Wymark akachonga meno ya mbao, akayapigilia juu ya ukuta wa udongo, akayapaka chokaa. Kwa mbali, ngome. Kwa karibu, banda la kuku lenye majivuno.

Fulk akaja na watu thelathini. Alipoyaona meno, akasimama.

“Dada, hayo yana kibali? Kama hayana, nayabomoa kwa sheria.”

Hamo akakipeperusha kibali dirishani, mwili wake ukibaki ndani. Fulk akasogea hata hivyo, ayaguse. Hapo Isolda akatokeza pengoni na chungu cha uji.

“Karibu, binamu. Uji umechemka, nawe umekuja kichwa wazi.”

Fulk akageuza farasi. Jioni ile mvua ikayaangusha meno yote, yakamuua kuku.

Bwana wa jimbo akaleta kombe la fedha, apewe aliyeiokoa nyumba.

“Ni langu,” alisema Hamo, akiwa amekwisha kulishika. “Bila kibali, yangebomolewa.”

“Yangebomolewa yapi, bwana?” akadakia Wymark. “ Bila mimi kungekuwa na meno?”

Isolda aliwatazama wote wawili. “Bila uji wangu, Fulk angeyagonga kwa kidole kimoja tu,” alisema, “nanyi mngebishania kombe hilo mtaroni.”

Gharama yote, basi: ng'ombe wanane, chungu kimoja cha uji ambacho hakikumwagwa, na kuku mmoja. Kombe nalo ni moja. Je, nani alistahili kulinywea?