Yangeyange Walivyoacha Kinamasi

Mnawaona wale weupe wanaotembea katikati ya miguu ya ng'ombe, wajukuu zangu, na mnadhani ndivyo walivyokuwa siku zote. Sivyo. Ulikuwepo wakati, kabla bibi yangu hajazaliwa na kabla ya bibi yake pia, ambapo yangeyange alikuwa ndege wa kusimuliwa. Aliishi ndani ya matete ya kinamasi, mbali na watu, akigombania vyura na korongo waliomzidi urefu na nguvu. Makinda yake mengi yalikufa kwa njaa yakiwa kwenye kiota. Mtu aliyemwona yangeyange mmoja alirudi nyumbani akasema, na majirani wakaja kumuuliza alimwona wapi, na alikuwa mweupe kiasi gani.

Ng'ombe ndio waliokuwa wengi siku hizo. Asubuhi walipotoka mazizini, vumbi lao lilining'inia juu ya nchi mpaka jua likawa kama kiini cha yai.

Kisha ikaja sotoka, ugonjwa unaoua ng'ombe. Ilipita polepole, zizi kwa zizi, na ilipomaliza, nchi ikawa kimya. Mvua nayo ikakataa kunyesha. Katika boma moja alikuwepo mjane aitwaye Kwandu, aliyeishi na watoto wake na shemeji yake Luhende, mdogo wa marehemu mumewe. Katika zizi lao alibaki mtamba mmoja tu, mwekundu, aliyekuwa hajawahi kuzaa. Naye alikuwa amejaa kupe masikioni na kwenye kope, amekonda, hapati hata usingizi.

Luhende akasema, "Shemeji, huyu hafiki mwezi ujao. Tumchinje leo, angali na nyama kidogo."

"Nipe mpaka mwezi uandame," akajibu Kwandu. "Nitampeleka kinamasini, labda maji yatamwondolea hawa kupe."

"Maji yenyewe yako wapi?"

"Yaliyobaki yanatosha ng'ombe mmoja."

Akampeleka. Kinamasi kilikuwa kimekauka, limebaki dimbwi dogo tu, matete yamelala, na joto lilikuwa likicheza juu ya nyasi hata miti ya mbali ikaonekana kama inaelea. Mtamba alitembea taratibu, na kila alipoweka kwato, panzi waliruka mbele yake. Hapo Kwandu akamwona ndege mweupe, mwembamba kama unyasi, akitoka kwenye matete. Akaja mpaka miguuni pa mtamba, akadaka panzi mmoja, akadaka wa pili. Hakuwa na nguvu za kuogopa. Kwandu aliinama tu, akamshika kwa mikono miwili.

Luhende alikuwa amewafuata. Alipomwona yule ndege akasema, "Mungu ametukumbuka. Mpeleke nyumbani tukamchome, watoto wapate cha kutia mdomoni."

Kwandu alikuwa hajala tangu jana yake. Alisikia moyo wa ndege ukipiga kwenye kiganja chake. Mtamba akasogea, akashusha kichwa kunusa mikono yake. Ndege akanyoosha shingo, akadonoa kupe kwenye kope la mtamba. Akadonoa mwingine. Na yule mtamba, ambaye kwa siku nyingi hakuwa ametulia hata kidogo, akafumba macho.

Kwandu akafungua mikono.

"Umeachia chakula kiruke!" Luhende alipaza sauti. "Na watoto wana njaa!"

"Najua, shemeji. Ni watoto wangu."

Siku hiyo walilala wamekunywa maji ya moto tu. Lakini ndege hakwenda mbali. Kesho yake alikuwa kwenye mgongo wa mtamba, na siku chache baadaye walikuwa wawili. Walikula panzi aliowafurusha mtamba, wakamchambua kupe, na Kwandu akatembea nyuma yao kama mtu anayeota, bila kusema neno lisije likawashtua.

Mwezi ulipoandama, Luhende alikuja na kisu. Alimkuta mtamba akila majani makavu, ngozi imeanza kung'aa, na wale weupe wawili wakimzunguka. Kisha akakirudisha kisu alani, akaketi kando ya Kwandu, wakaangalia wote.

Mvua ilirudi. Mtamba akapata dume la ng'ambo ya mto, akazaa ndama jike, na maziwa yakaingia tena nyumbani. Mwaka huohuo makinda matatu ya yangeyange yakaruka kutoka kiotani, wala halikufa hata moja. Ng'ombe walipokuwa watano, ndege walikuwa kumi. Zizi lilipojaa, mti wa karibu ukawa mweupe kila jioni, na Kwandu, uzeeni mwake, aliuangalia mpaka ukaungana na giza.

Tangu hapo yangeyange huongezeka ng'ombe wanapoongezeka, na maradhi yakipita mazizini, nao hupungua. Mwaka huu ni wachache kuliko mwaka nilipoolewa, nami siwafichi hilo. Lakini watu wetu wanapohamisha mifugo kwenda nchi za mbali, ambako ndege huyu hajawahi kuonekana, siku za kwanza hutembea wakitazama juu. Hawasemi wanatafuta nini. Halafu asubuhi moja mtu husimama, huonyesha kidole kwenye nyasi, na kusema, "Wamefika." Ndipo hushusha mizigo na kuanza kujenga.