Jeneza la Bi Mize

Hadithi inakuja, ipisheni mkekani ikae!

Kijiji kimoja cha wacha Mungu kilikuwa na mtu asiye na dini yoyote, jina lake Faki. Mama yake, Bi Mize, hakukosa sala, na Faki ndiye aliyemtekea maji ya udhu. Bi Mize akafariki. Wanaume wakaja kumbeba, wakipokezana mabegani kama ada yao.

"Kaa kando, Faki," akasema Mzee Shaame. "Huyu atabebwa na wanaosali."

Katikati ya njia ya msikitini jeneza likawa zito, likawashusha hadi chini. Wakainua wanne, wapi! Wakainua wanane, wapi! Wakainua wanaume wote wa kijiji, mishipa ikawatoka, wapi!

Sauti ikatoka ndani: "Mwanangu yuko wapi?"

Faki akashika pembe moja. Jeneza likapanda, jepesi kama pamba.

"Uchawi huo!" akapiga kelele Mzee Shaame. "Liache!"

Faki akaliachia, likashuka tena.

"Mzee wangu, bega langu litamdhuru nini mama yangu?"

"Yeye halitamdhuru. Litatudhuru sisi."

Basi wakaleta majembe, wakamzika palepale, katikati ya njia. Na walikuwa watu wema, jamani, watu wa kulisha yatima! Ndiyo maana hasira hainiishi. Mpaka leo, kila aendaye kusali hulazimika kulizunguka kaburi la Bi Mize.