Mishono Iliyopakwa Rangi

Mwanamke mmoja aitwaye Yusta alikuwa na mashine ndogo ya kuchomelea vyuma nyumbani kwake, na wa kwanza kumwambia kwamba kazi yake ina kasoro alikuwa Esteria, mpishi wa shule ya chekechea. Ilikuwa Jumapili alasiri. Esteria alisimama mlangoni, kanga begani, akicheka.

"Fundi, ile stendi yako ya tenki inalia. Machozi ya kutu yanatiririka pale miguu inapoungana na juu. Nipe kopo la rangi nikaipanguse uso mwenyewe, kesho wazazi wasije wakaikuta na majonzi yake."

Yusta naye akacheka, maana hakujua afanye nini kingine. Akauliza tenki lina maji kiasi gani. Esteria akasema ni ndoo chache tu za kusuuzia. Maji yenyewe yataletwa na boza kesho saa mbili, shule ikifunguliwa, na tenki litajazwa hadi juu. Lita elfu moja. Chini ya tenki hilo ndipo palipofungwa bomba la kunawia, na hapo watoto thelathini na wawili wangepanga mstari kunawa mikono kabla ya uji. Mtoto wa Yusta, wa miaka minne, alikuwa mmoja wao.

Kopo la rangi lilikuwa pale rafuni, limebaki nusu, na brashi juu yake. Yusta aliunyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Nitakuja mwenyewe, dada," akasema.

Mashine ile husukuma yenyewe waya unaoyeyuka kuwa mshono, na gesi hutoka pamoja na waya. Gesi haionekani, wala hakuna anayeisifu. Kazi yake ni kuufunika mshono ukiwa bado umeyeyuka, hewa isiuingie. Siku zote Yusta alichomelea bandani, nyuma ya nyumba, mahali pasipopita mtu. Lakini alipopewa kazi ya chekechea, kazi yake ya kwanza kubwa, aliiburuta mashine hadi kando ya barabara, ili wale waliosema anachezea moto wamwone. Wakamwona. Walisimama, wakamwita fundi, na upepo wa barabarani ukawa unaipeperusha gesi. Mishono ikatoka na vitundu kama mkate wa kumimina. Aliviona. Ila mbele ya watu wale hakuweza kuzima mashine na kusema kwamba kazi imeharibika. Akasaga kwa grinda mpaka chuma kikang'aa, akaziba vitundu kwa pati, akapaka rangi ya buluu mara mbili. Wakapiga makofi.

Sasa, Esteria alipoondoka, Yusta alichukua vipande vya bomba la chuma vilivyobaki alipotengeneza miguu ya stendi, akaitoa mashine palepale barabarani. Akachomelea kama siku ile. Vitundu. Akasugua kutu kwa brashi ya waya, akarudia. Vitundu vikapungua, havikuisha. Akafungulia gesi zaidi. Vitundu bado, na mashine ikikohoa vilevile. Akaiingiza bandani bila kubadilisha kitu kingine. Mlio ukatulia, kama samaki anayekaangwa kwenye mafuta yaliyoshika moto, na mshono ukatoka safi.

Akashusha pumzi. Pengine vitundu peke yake, alijiambia, haviwezi kuangusha stendi. Akakibana kile kipande kizuri kwenye jiliwa, akakipiga nyundo, ili tu moyo wake utulie.

Pigo la pili, vyuma vikaachana.

Mshono wenyewe haukuvunjika. Ulibanduka mzima upande mmoja, kama nta ya mshumaa iliyodondokea mezani. Waya ulikuwa umelala juu ya chuma, haukukiingia. Yusta akatazama kitufe cha kuongeza na kupunguza moto wa mashine. Kilikuwa chini, palepale alipokiweka siku ya stendi, akiogopa moto mwingi usije ukalitoboa bomba watu wakimtazama. Akakipandisha, akachomelea kipande kingine, akakibana, akakipiga mara saba. Bomba lilipinda. Mshono haukuachia.

Hapo akakaa chini. Alikuwa amejua kuchomelea, na papo hapo amejua kwamba stendi nzima imeshikwa na nta. Akafikiri kumwomba mwalimu mkuu wajaze nusu tu. Akafikiri kusema mwanawe ana homa, abaki nyumbani kesho. Wazo hilo la mwisho ndilo lililomtisha kuliko yote, kwa sababu lilimjia upesi, na kwa sababu liliwaacha watoto thelathini na mmoja kwenye mstari.

Kesho yake asubuhi, saa mbili kasoro, Yusta alifika chekechea, mkono mmoja umeshika mtoto, mwingine grinda. Wazazi walikuwa wamejaa uwanjani, na boza lilikuwa limeshafika. Mpira wa maji ulikuwa tayari mdomoni mwa tenki. Akapita katikati yao akaenda kusimama mbele ya dereva. Hakuwa na sauti kubwa, lakini wote walimsikia.

"Msijaze. Mishono yote ni mibovu, nami nilijua nikaipaka rangi."

Baba mmoja akasema, "Si tulimwambia, moto si wa kuchezea!" Wengine wakaguna.  Yusta aliwaomba wamsaidie kushusha tenki, wakalishusha. Kisha akavaa miwani, akachomeka grinda, akaanza kuukata mguu wa kwanza wa stendi yake mwenyewe, mbele ya walewale waliompigia makofi. Diski haijafika nusu ya mshono, mguu ukaanguka wenyewe.

Nanyi mnaosikia haya, ni nani anayesimama leo chini ya kazi ambayo ninyi peke yenu mnajua ilivyo ndani?