Kizibo Juu ya Chupa

Kabla gari la soda halijaijua njia ya kupanda huku kwetu milimani Njombe, mgeni alikaribishwa kwa togwa. Kibuyu kilikuwa kimoja, na mwenyeji alikunywa wa kwanza mbele ya macho ya wote, ndipo akampa mgeni. Ilikuwa adabu ya kuondoa wasiwasi. Mwenye nyumba akinywa na asianguke, nawe unakunywa.

Kisha soda ikaja, na kila mtu akawa na chupa yake. Hakuna aliyekaa akafikiri nani sasa ataonja.

Mzee Ngimbudzi alikuwa na binti, Tulinave, aliyependana na Lutengano wa kijiji cha pili. Siku ya posa baba huyo alitaka kung'ara, akanunua kreti zima. Kasoro ilikuwa moja: nyumbani hapakuwa na kifungulio. Vizibo vikang'olewa kwa meno huko jikoni, kwa siri, maana ni aibu wakwe kuyaona meno yako yakiwa kazini. Chupa zikaletwa sebuleni zikiwa wazi.

Msemaji wa wageni alikuwa Mzee Kiswaga, baba mkubwa wa Lutengano. Mdogo wake, aliyemzaa huyo Lutengano, alikufa baada ya kunywa pombe kwa watu, na Kiswaga hakupata kuisahau siku ile. Akaitazama chupa, akauliza, "Hapa kwenu nani anaonja?"

Ngimbudzi, kwa kutaka kumtoa hofu, akaichukua chupa ya mgeni, akapiga funda moja, akamrudishia.

"Unanipa masalio yako?" Kiswaga akasema, akainuka. "Vijana, twendeni. Hapa hatuoi."

Binti anayeposwa hukaa chumbani mpaka aitwe. Tulinave hakungoja. Aliposikia wageni wakiokota fimbo zao, aliona maisha yake yanatoka mlangoni, naye akapitia jikoni, akatoka na chupa ya mwisho ya kreti, ikiwa bado imefungwa. Akapiga magoti mbele ya Kiswaga, akamwonyesha jinsi kizibo kilivyobana. Kisha, machoni pa wakwe zake, akaking'oa kwa jino, akakirudisha juu ya mdomo wa chupa.

"Baba, atakayekiondoa ni wewe," akasema. "Mkono wa mtu mwingine haupiti hapa."

Mama yake alijifunika uso kwa khanga. Kiswaga alimtazama binti, akaitazama chupa, akaketi.

"Mwenye meno haya," akasema, "akitaka kuniua hahitaji sumu."

Akakiondoa kizibo, akanywa, na mazungumzo ya posa yakaendelea mpaka yakaisha vizuri.

Na tangu siku hiyo, soda ya mgeni hufunguliwa mbele yake, na kizibo hurudishwa juu ya chupa ili akiondoe mwenyewe. Vifungulio vilikuja baadaye, meno yakapumzika. Wajanja wa mjini watawaambia kizibo ni kwa ajili ya nzi. Waacheni. Mpelekeeni mgeni wa hapa kwetu chupa iliyo wazi muone: hatagomba, atasema tu kwamba daktari amemkataza sukari.