Kioo cha Lori la Mzee Obadia

Sogeeni karibu, na kila mmoja aje na akili yake, maana hadithi hii mimi sitaimaliza.

Huko Makete, kwenye milima ya baridi na ukungu, walikuwepo watu watatu wenye vipaji. Zilpa, mama muuza chai wa stendi, alikuwa na kumbukumbu: gari likipita mbele yake mara moja halimtoki kichwani. Lwitiko, mpasua mbao, alikuwa na miguu: alishuka korongo la utelezi na kupanda tena, na ndoo ya maji kichwani isimwagike. Eliezeri, fundi wa gereji, alikuwa na mikono mipole: angeweza kumvua viatu mtoto aliyelala asigutuke.

Lori kijijini lilikuwa moja tu, la Mzee Obadia, kuukuu kuliko watoto wake wote. Siku moja kokoto ikaruka kutoka gari la mbele, na kioo chote cha mbele kikamwagika mapajani mwake.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Mzee alizunguka mjini duka hadi duka. "Kumbe lori hili bado linatembea?" wakamcheka. "Vioo vyake havitengenezwi tena, mzee." Duka la mwisho wakamwagizia. Akasubiri, akapiga simu, akaambiwa kiko njiani. Kilipofika kikawa kifupi. Kati ya kioo na raba ya kukishikia mkono ulipita. Kikaja kingine, hicho kikatosha, lakini fundi wa duka alikuwa na haraka, akakigonga ngumi kwenye kona ya mwisho. Kah! Kikapasuka. Obadia akarudi nyumbani kajifunga blanketi usoni, macho yakimtoka machozi kwa upepo, na trafiki ameshamwonya asilitoe tena barabarani.

Huku mawingu yanashuka mlimani. Kila mtu alijua kwamba mvua ikianza barabara inakatika, na lori halitoki mpaka kiangazi. Obadia halali, halili vizuri. Anakaa, anainuka, analizunguka lori. Mwishowe, pale stendi, akapiga ngumi kwenye bodi.

"Atakayenirudishia kioo, safari ya kwanza ni yake! Popote atakapo!"

Watatu wale walisikia, na kila mmoja moyo ukamruka. Viazi vya Zilpa, jasho la msimu mzima, vilikuwa vimeanza kulowana kwa ukungu ndani ya magunia, na mnunuzi yuko Makambako. Mama yake Lwitiko alivunjika nyonga, hospitali ya Mbeya wamemruhusu, ila kwenye kiti cha basi hawezi kukaa, na kila siku anauliza kwenye simu, "Mwanangu, unakuja lini?" Eliezeri ana mchumba Songea, na wakwe wamesema asipomchukua na vyombo vyake kabla ya mvua, wanamwoza kwingine.

Zilpa akaacha chai ifurike jikoni, akafumba macho. "Kuna pacha wa lori hili," akasema. "Lilianguka bondeni, nyuma ya kile kiwanda cha mbao kilichofungwa. Nililiona nikiwa msichana. Ubavu umekwisha, kioo kizima." Watu wakabisha, naye akashikilia. Mwenye lori hilo la bondeni alipoulizwa akasema kweli lipo, chukueni. Bila Zilpa, nani angejua pa kuanzia?

Lwitiko akateremka bondeni na kisu na mablanketi. Akaikata raba, akakitoa kioo, akakifunga mgongoni. Upepo ukawa unakisukuma kana kwamba unamnyang'anya. Kwenye tope akateleza. Akaangukia magoti, yakachubuka vibaya, lakini mgongo haukugusa chini. Bila Lwitiko, kioo si kingebaki bondeni?

Eliezeri akaikuta raba ya lori la Obadia imekauka kama mfupa. Akailoweka kwenye maji ya moto, akaipaka mafuta ya kula, akapitisha kamba kwenye mfereji wake.

"Fanya haraka, mvua hiyo!" Obadia akafoka.

"Mzee, nenda kanywe chai."

"Sitaki chai!"

"Basi ninyamazie."

Kioo kikaegemezwa mahali pake, naye akaivuta kamba kidogo kidogo, raba ikikishika. Kwenye kona ya mwisho kioo kikalia, watu wakaziba masikio. Yeye akasimama, akapumua, akavuta tena. Kikakaa. Bila Eliezeri, si kingepasuka kama kile cha mjini?

Injini ikawaka. Ng'ambo ya bonde mvua ilikuwa imeshaanza kunyesha.

"Ningenyamaza mimi, mngekwenda wapi?" akasema Zilpa. "Viazi vinaoza, na ndani ya viazi hivyo kuna watoto wangu."

"Dada, ungekumbuka mpaka kesho, nani angekibeba?" akajibu Lwitiko. "Mama yangu yuko kitandani ananingoja."

"Kioo kilichofungwa blanketi hakiendeshi lori," akasema Eliezeri. "Mimi nikikosa leo, nimekosa mke."

Obadia akashika kichwa. "Nilisema atakayenirudishia. Mbona mmekuwa watatu?" Makambako ni upande huu, Mbeya upande ule, Songea kwingine kabisa, na barabara haitangoja safari ya pili.

Mzee ameweka mguu kwenye ngazi ya lori. Anawatazama wale watatu, analitazama wingu, anawatazama tena. Haya, ninyi mnaonisikiliza, semeni upesi: amwambie nani apande?