Blanketi la Mama Zawena

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa bado wanatandika vitanda na kuinjika vyungu kama sisi, palikuwa na Nyati mmoja aliyefiwa na mkewe. Aliachiwa binti mdogo, Zawena, na blanketi la buluu.

Blanketi lilikuwa la marehemu. Wageni wa matanga walilala mikekani nyumbani mwake, wakajifunika hilo kwa zamu, kisha wakaenda zao. Nyati hakuruhusu lifuliwe. Kila jioni alijifunika yeye na mwanawe, akaingiza pua kwenye upindo, akavuta pumzi. Hapo ndipo alipopata usingizi.

Kisha ukaja muwasho. Kwaru, kwaru, kwaru. Ulimwanza yeye, kati ya kwato na kwapani, ukamfuata Zawena. Nyati alikuwa na mgunga wa kujisugulia. Ngozi ya mtoto haikuweza mgunga. Zawena alijikuna mpaka akatokwa na vidonda, akaacha kula, na mchana akawa anasinzia amesimama. Nyati alimtazama akikonda, akaogopa. Alikwisha kumwona mtu akikonda ndani ya nyumba ile.

Jirani yake Kifaru, mwenye sauti kubwa na hakika kubwa zaidi, alisema ni upupu, akawapaka matope. Matope yakakauka, muwasho uko palepale. Akasema basi ni kunde, wakaacha kunde. Mwisho akasema ni jicho la husuda, akawapaka majivu. Majivu yakaingia vidondani, na Zawena akalia mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo akaja Nguchiro, shoga wa marehemu, mdogo kiasi cha kupita chini ya mlango uliofungwa. Aliuliza nani alianza kuwashwa na nani akafuata, na ni wakati gani huzidi. Nyati akajibu kwamba alianza yeye, akafuata mtoto, na kwamba huzidi wakishajifunika wakapata joto.

"Shemeji," akasema Nguchiro, "upupu huwasha, kisha huisha. Na kunde ungezila wewe, zingemwasha Zawena? Huu ni upele. Ni vidudu vidogo kuliko macho yangu yanavyoweza kuona, vinachimba ngozini, na vinahamia kwa unayelala naye. Nadhani vililetwa na wageni wa matanga. Dawa ipo, ila blanketi hilo lichemshwe."

"Hilo haliguswi."

"Shemeji, mtoto..."

"Nimesema haliguswi. Harufu yake imo humo. Likichemshwa, nibaki na nini?"

Nguchiro akamtazama Zawena, aliyekuwa akijisugua kwenye kizingiti. Hakubishana. Aliomba apewe upindo anuse tu, amuage shoga yake. Akanusa, akanusa tena, akainua kichwa.

"Anaondoka," akasema. "Nanusa matope ya Kifaru. Nanusa majivu. Nanusa jasho lako, shemeji, na hilo halina upungufu. Yeye yuko mbali sana."

Nyati akanusa. Ilikuwa kweli. Alilijua jambo hilo zamani, ila hakuwa amemwambia mtu.

"Inaweza kurudi?" akauliza.

"Inarudi. Lakini ina masharti, na mkeo aliniachia mimi."

Nguchiro akayataja bila kupepesa jicho. Harufu hiyo haikai penye harufu nyingine, kwa hiyo blanketi, shuka, foronya na nguo zote zichemshwe, na mkeka uanikwe juani. Walalao humo waoge, wapakwe mafuta ya nazi yenye unga wa salfa, kuanzia shingoni hadi kwatoni, wote jioni moja, na warudie mpaka atakaposema basi. Kifaru naye apakwe, kwa kuwa aliwashika. Akibaki mmoja hajapakwa, harufu itakimbia.

Kifaru, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akacheka, akasema yeye hawashwi na chochote.

"Najua," akasema Nguchiro. "Nakutaka kwa kubeba maji. Wenye nguvu hapa ni wachache."

Kifaru akabeba maji. Alipokuja kupakwa, kwapa moja lilipomalizwa aliinua mguu wa pili bila kuambiwa.

Chungu kikatokota: tok, tok, tok. Nyati aliona buluu ikizama, akageuza uso.

Blanketi lilipokauka juani, Nguchiro alitia makaa kwenye chetezo, akadondosha udi na asmini zilizokauka, akafunika kwa kapu na kulitandaza blanketi juu yake. Moshi ukapanda taratibu ndani ya nyuzi.

"Haya, nusa."

Nyati akaingiza pua kwenye upindo. Alikuwa yeye, kama mwaka aliomwoa.

"Umeitoa wapi?"

"Kabatini kwako. Chetezo kilikuwa nyuma ya masufuria. Mkeo alikuwa akichemsha, akianika, akifukiza, kila Alhamisi, wewe ukiwa malishoni."

Nyati akainua pua kutoka kwenye upindo.

"Kwa hiyo hakukuachia masharti yoyote."

"Hakuniachia. Masharti yale ni ya upele. Ningekuambia hivyo, ungekubali?"

Nyati alimtazama Zawena, aliyekuwa amelala kwenye mkeka uliochomwa na jua, miguu yake yote minne imetulia.

Muwasho haukukatika mara moja. Ulipungua kidogo kidogo, kama Nguchiro alivyowaonya, nao wakarudia dawa mpaka vidonda vikafunga na Zawena akaanza kudai kunde zake.

Alhamisi Nyati hakwenda malishoni. Aliinjika chungu mwenyewe, Zawena akapuliza makaa. Blanketi likiwa juani, Kifaru akatokea na mkeka wake kwapani, akasema kwa sauti ndogo kwamba ni wa rafiki yake mmoja, kama nafasi ipo. Nyati akalisogeza blanketi, akamwachia jua.

Nanyi wanangu, mkimpenda aliyeondoka, ishikeni kazi aliyokuwa akiwafanyia.