Ngiri Aliyeingia Maktaba Kinyumenyume

Paukwa!

Pakawa!

Hiyo ni Pakawa ya waliokaa mbele tu. Nyie wa nyuma mmekuja kusinzia? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sasa mko hai. Zamani hizo, zamani kweli, kabla babu yangu hajawaza kumzaa baba yangu, wanyama walikuwa na maktaba. Msinicheke. Walikuwa nayo. Ilikuwa ndani ya shimo refu alilolichimba Muhanga akalihama. Humo mlikuwa na vibao vya udongo, kibao juu ya kibao, mpaka mwisho wa shimo. Mtunzaji alikuwa Bi Nungunungu. Kwa nini yeye? Kwa sababu kalamu anazo mwilini.

Maktaba ile ilikuwa na desturi moja. Ukileta habari, Bi Nungunungu aliiandika kwenye udongo mbichi, kisha ukatia alama yako chini. Kama jambo umeliona kwa macho yako, ulikanyaga kwa mguu: ti! Kama umelisikia kwa mwenzako, ulipiga kwa mkia: pwa! Vibao vipya vilikaa mlangoni. Vya zamani vilisukumwa ndani, ndani kabisa.

Basi ukaja ukame. Jua likawaka, likawaka, likawaka. Lambo la wanyama likawa tope, tope likawa nyufa. Wanyama wakakutana, wakasema, "Tuhame." Wahamie wapi? Yako madimbwi mawili. Mawe Mekundu, upande wa mawio. Mikindu, upande wa machweo. Kila moja ni safari ya siku tatu, na nguvu iliyowabaki ilikuwa ya safari moja tu. Ukikosea, basi tena.

"Nani atakwenda maktaba atutafutie habari?"

"Mimi," akasema Ngiri. "Mimi nasoma."

Ni kweli, alikuwa anasoma. Na alikuwa na sababu. Mkewe alikuwa na wana wanne, wa siku tisa. Siku tatu za jua lile wangezimudu kwa shida. Siku sita, hapana. Ngiri alilijua hilo.

Akaenda maktaba, tuku tuku tuku, mkia juu. Alipofika mlangoni akageuka, akaingia kinyumenyume. Makalio kwanza, pua mwisho. Ndivyo ngiri wote wanavyoingia shimoni, hata leo, ili adui akija akutane na pembe.

"Shikamoo, Bi Nungunungu."

"Marahaba, Ngiri. Vibao vingi viko huko nyuma yako. Geuka."

"Ukoo wetu haugeuzii mlango mgongo."

"Humu hamna simba."

"Kila aliyeliwa alisema hivyo hivyo."

Bi Nungunungu hakubishana. Alikuwa na vibao vya kupanga.

Ngiri akasoma vilivyokuwa mbele ya pua yake. Kibao cha Kasuku: Mawe Mekundu kuna maji tele. Kibao cha Kunguru: Mawe Mekundu kuna maji tele. Kibao cha Fisi: Mawe Mekundu kuna maji tele.

"Watatu!" akasema Ngiri. "Tena wa wiki hii!"

Akatoka mbio. Chini ya vibao hakutazama. Akawaambia wanyama, "Mawe Mekundu! Watatu wamesema!" Wanyama wakashangilia, wakakubaliana kuondoka kesho yake alfajiri.

Nyumbani akamkuta mkewe ananyonyesha.

"Tunakwenda Mawe Mekundu, mama watoto."

"Nani ameyaona hayo maji?"

"Watatu wamesema."

"Sikukuuliza wangapi wamesema. Nimekuuliza nani ameona."

Ngiri akakumbuka kuwa alama za chini hakuzitazama.

"Baba watoto," akasema mkewe, "hawa wana miguu ya safari moja. Rudi ukatazame vizuri."

Akarudi, tuku tuku tuku. Akaingia, makalio kwanza. Safari hii akatazama chini ya vibao. Kasuku: mkia, nimesikia kwa Kunguru. Kunguru: mkia, nimesikia kwa Fisi. Fisi: mkia, nimesikia kwa Kasuku. Ngiri akasoma mara ya pili.

"Bi Nungunungu! Hawa wamezungushana!"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia geuka."

Sasa nyamazeni, hapa ndipo penyewe. Ngiri akageuka. Polepole, polepole. Mgongo ukauelekea mlango. Nywele zikamsimama. Aliwasikia simba kumi nyuma yake, na hakuwapo hata mmoja. Aliogopa, jamani, aliogopa sana. Akawafikiria wale wanawe wanne, akasogea ndani, ndani, ndani.

Kule mwisho, kwenye vumbi, akakuta kibao kimepasuka. Kilikuwa cha pundamilia. "Mwaka wa ukame tulikwenda Mawe Mekundu. Maji tuliyakuta. Yalikuwa chumvi tupu. Tuliyanywa. Tulikwenda arobaini, tumerudi sita."

Chini yake palikuwa na alama za kwato. Ngiri akazihesabu. Zilikuwa sita.

Pembeni palikuwa na kibao kingine, chenye mguu mkubwa wa Ndovu. "Mikindu juu ni pakavu. Chimba mchanga mpaka urefu wa goti langu. Maji ni matamu."

"Mikindu!" akasema Ngiri.

"Pole pole," akasema Bi Nungunungu. "Ndovu aliona wakati ule. Tafuta na aliyeona juzi."

Ngiri akatoka nje, akamkuta Njiwa ametua juu ya shimo.

"Njiwa, leo umekunywa wapi?"

"Mikindu. Mchanga unatoa tone, nakunywa tone."

"Umesikia au umekunywa?"

Njiwa akanyanyua mguu. Ulikuwa na tope bichi. Ngiri akalinusa, halikuwa na chumvi.

Kazi ikabaki moja, nayo ngumu. Akawaita wanyama wote, akasimama katikati. "Nilikosea," akasema. "Twende Mikindu."

Fisi akaangua kicheko. "Mchana Mawe Mekundu, jioni Mikindu! Kesho utatupeleka mwezini!"

"Fisi, yale maji uliyaona?"

"Kasuku kaniambia."

"Kasuku, wewe uliyaona?"

"Kunguru kaniambia."

"Na wewe, Kunguru?"

Kunguru akamtazama Fisi. Wanyama wote wakamtazama Fisi.

Wakaenda Mikindu. Fisi peke yake ndiye aliyekwenda Mawe Mekundu. Alisema yeye ana mashahidi wawili. Kibao chake tunakisubiri mpaka leo.

Siku ya tatu wakafika. Mchanga mkavu, mweupe; hata lile tone la Njiwa lilikuwa limekauka. Yule mwana mdogo kabisa wa Ngiri alikuwa hata kulia ameacha. Wanyama wakamwangalia Ngiri. Ngiri akapiga magoti, akachimba. Chaka chaka chaka. Pakavu. Chaka chaka chaka. Pakavu. Akachimba mpaka urefu wa goti la Ndovu. Mchanga ukawa mweusi. Kisha ukang'aa. Yule mdogo akatia pua, akanywa mpaka akapiga chafya, na Ngiri akalia mbele za watu bila haya.

Mvua zikaja, wakarudi. Ngiri akaenda maktaba na jamaa yake yote. Akaandikisha habari. Akakanyaga udongo: ti! Mkewe: ti! Wale wanne: ti, ti, ti, ti! Na juu yake Bi Nungunungu akaandika, "Tulikwenda sita, tumerudi sita."

Tangu siku hiyo, kwake Ngiri huingia kinyumenyume. Maktaba huingia kwa uso.

Na nyie mnaotafuta habari, wakubwa kwa watoto: msichukue iliyo mlangoni kwa kuwa iko mlangoni. Ulizeni nani ameona, na ameona lini. Na wengi wakisema neno moja, tazameni kama hawakuambiana.

Hadithi yangu naiachia hapo, nami naikanyagia mguu. Kama nami niliisikia tu, basi huo ni mkia.